Uliza Sista: Ploti nzima inaweza kuugua mawazo?

Sista ni muuguzi wa magonjwa ya akili aliyestaafu mwaka 2019 baada ya miaka 31 kazini, mingi akiwa Nakuru. Barua zimefupishwa na majina yameondolewa.

Sista, pokea salamu. Mimi ni mzee wa nyumba kumi hapa Kaptembwo. Ploti yetu ina vyumba 24, vyoo viwili na mfereji mmoja. Tangu mwaka jana mambo hayaeleweki. Fundi wa mjengo wa chumba cha tatu haongei na mtu, analala mchana kutwa. Mama mboga wa chumba cha tisa huamka saa nane za usiku akafagia ua. Kijana wa bodaboda anayekaa karibu na geti amekuwa mlevi, mkewe amerudi kwao. Na mwezi wa tatu tulimpata kijana mwingine akizungumza na ukuta, anasema redio inamtaja jina. Mchungaji anasema ni mapepo. Mke wangu anasema ploti ilijengwa juu ya kaburi. Chifu anasema ni bangi. Juzi kwenye baraza afisa wa afya akatuambia kuna kitu kinaitwa afya ya akili ya jamii, na kwamba mazingira ndiyo huiharibu. Nikamuuliza: akili si iko kichwani mwa mtu? Jamii ina kichwa? Akanijibu kwa Kiingereza. Nieleze wewe.
– Mzee wa nyumba kumi, Kaptembwo, Nakuru

Mzee wangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilishika kalamu nyekundu, kwa sababu umenipa watu wanne ukawafunga kitita kimoja kama sukuma wiki. Tuwafungue.

Nianze na wa mwisho. Ikiwa unasoma hapa na bado hajapelekwa hospitali, weka jarida chini umpeleke, mengine utayakuta. Kijana anayesikia redio ikimtaja jina anahitaji daktari, hahitaji mkutano wa ploti. Huenda ni skizofrenia. Sijamwona, kwa hiyo siapi. Ugonjwa huo humpata takriban mtu 1 kati ya 300 duniani, na mara nyingi huanza katika ujana, kwa mtoto wa Milimani kwa matajiri na kwa mpangaji wa Kaptembwo vilevile. Una kamba ya ukoo: mzazi mmoja akiwa nao, mtoto ana uwezekano wa kama 1 kati ya 10 wa kuupata. Hapo ndipo kile kichwa ulichouliza kinapohusika hasa. Chifu ana robo ya ukweli, maana bangi huweza kuuamsha ugonjwa huo kwa mtu aliyezaliwa na mbegu yake, zaidi akianza kuvuta akiwa mdogo. Mchungaji aombe, sina ugomvi naye, mradi aombe kijana akiwa na dawa tumboni. Nimepokea wengi mno waliozungushwa miaka kwenye maombi na kwa waganga, wakanifikia na alama za kamba mikononi.

Kuhusu kaburi, mwambie mama kwamba sisi watu wa Nakuru tumejenga ubavuni mwa Menengai, mlima wa moto, na usingizi tunaupata.

Sasa wale watatu. Umeuliza kama jamii ina kichwa, nami nikuulize. Kipindupindu kikiingia kwenu, watu watatu wakaharisha usiku mmoja, utasema kila mmoja ana tumbo bovu lake? Utawapa maji ya chumvi na sukari, utawakimbiza hospitali, lakini kukipambazuka utakwenda kusimama mbele ya ule mfereji wenu mmoja uulize bomba limepasukia wapi. Afisa wa afya alitaka kusema hivyo tu, Kiingereza kikamzuia. Watu watatu wa geti moja wakilemewa na mawazo ndani ya mwaka mmoja, kila mtu atibiwe, halafu wewe utafute bomba.

Hilo mimi nilifundishwa na penseli. Kliniki yetu ya nje ilikuwa siku ya Jumanne, na kitabu cha wagonjwa kilikuwa na safu za tarehe, jina, umri, dalili na dawa. Mwaka wangu wa pili nikaanza kuandika pembeni, kwa penseli, neno ambalo mgonjwa amelitaja kabla sijamuuliza dalili. Karo. Kodi. Amefungiwa. Shamba. Mume. Amezika. Msimamizi wangu alikasirika, akaniambia kitabu cha serikali si shajara yangu. Nikaendelea, ila kwa herufi ndogo. Ilifika mahali ungeweza kufunika safu ya tarehe kwa kiganja na bado ukajua ni mwezi gani. Januari ilikuwa karo ukurasa mzima. Baada ya tarehe tano ya kila mwezi, "amefungiwa" zilijipanga kama siafu, maana tarehe tano ndiyo keyateka, msimamizi wa ploti, hupita na makufuli kwa wasiolipa kodi. Malaria ina kalenda yake ya mvua na hakuna anayeshangaa. Mawazo nayo yana kalenda.

Mama mboga wa chumba cha tisa. Mmemwona akifagia, mmewahi kumuuliza analala saa ngapi? Anayefuata mboga soko la Wakulima huamka saa tisa au saa kumi za usiku. Kama analala saa tano baada ya kufunga kibanda na kuogesha watoto, siku njema ana saa tano za usingizi, na usingizi ukipungua miezi mfululizo huleta wasiwasi kwa mtu yeyote, hata askofu. Lakini muulize na jingine, kwa upole, si mbele ya watu: Januari 2008 alikuwa wapi?

Nilihudumu wakati huo katika kambi ya Showground, ya waliokimbia ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Hema baada ya hema, hadi kule uzioni. Sufuria likianguka, watoto wa hema kumi wanalala kifudifudi kwa pamoja, kisha wanainuka wanacheka kwa aibu. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu waliouawa nchini 1,133, na waliofukuzwa makwao walikuwa mamia ya maelfu. Hakuna tume iliyohesabu waliopotewa na usingizi. Na kwa watu wa Molo haikuwa mara ya kwanza, walikuwa wamekimbia mwaka 1992 pia. Ulipofika uchaguzi wa 2013, na tena ule wa 2017, penseli yangu ilianza kuandika maneno mapya miezi miwili kabla ya kura: "amepeleka watoto nyumbani". Mtaani kwake hakuna hata tairi lililochomwa, lakini mama yuko mbele yangu, moyo unamdunda, mikono ina jasho, amekunja blanketi mbili kwenye mfuko wa nailoni, zimekaa tayari nyuma ya mlango. Siasa za nchi zilikuwa zimemwingia kwenye mapigo ya moyo. Sisemi mama wa chumba cha tisa ni wa 2008. Nasema uliza.

Fundi wa mjengo hukumwita mvivu, ila nahisi wengine hapo wanamwita. Chuoni mkufunzi mmoja alitusimulia habari za kijiji cha Marienthal kule Austria, nikadhani anatupotezea muda wa chai. Kilikuwa na kiwanda cha nguo kilicholisha karibu kila nyumba. Kikafungwa, miaka ile ya 1930 inaanza. Watafiti, mmoja wao mwanamke kijana aitwaye Marie Jahoda, wakaenda kuwachunguza watu wale. Wanaume walikuwa na siku nzima mikononi, lakini vitabu vya maktaba waliviazima vichache kuliko walipokuwa na kazi. Watafiti wakajibanza na saa, wakapima mwendo wa watu barabarani: wanaume walitembea polepole, wakisimama mara kwa mara. Wanawake walitembea upesi. Jiko halikuwa limefungwa.

Kwa hiyo fundi wenu, kama ni miezi hajapata mjengo, amepungukiwa na mwendo, na mjengo ukirudi leo hataruka kitandani leo. Mpe kitu cha saa moja asubuhi ambacho asipokifanya watu wanamuulizia. Huo mfereji mmoja una foleni na matusi kila siku. Mwachie yeye daftari la zamu za maji. Akikataa chakula, au akisema hana haja ya kuishi, hiyo si kazi ya daftari tena, mpelekeni hospitali.

Wa bodaboda nimemchelewesha kwa sababu ndiye atakayenigombanisha na wasomaji. Mmesema pombe. Pombe naiona, na chang'aa siitetei, imenizikia ndugu. Ila naona pia pikipiki ya mkopo. Hesabu yake naijua kwa kuwa mpwa wangu anaibeba: kila jioni kuna pesa ya mwenye pikipiki, mvua inyeshe isinyeshe. Siku asipoifikisha anakopa kwa simu. Anakopa kwa programu nyingine ili alipe ile ya kwanza. Wiki ya tatu wenye deni wanampigia mama mkwe, na mama mkwe akishajua, kijiji kimejua. Hapo ndipo anabeti shilingi hamsini ili zirudi zote kwa mpigo. Mke hakukimbia harufu ya chang'aa peke yake.

Nikifika hapa watu huniambia: Sista, maskini hata umpe pesa atazipeleka kilabuni. Rarieda, kule Siaya, jambo hilo lilipimwa. Kati ya 2011 na 2013 familia za nyumba za nyasi zilichaguliwa kwa kura, zikatumiwa pesa kwa simu bila sharti lolote, halafu watafiti wakarudi kuwauliza. Matumizi ya pombe na tumbaku hayakupanda. Watu walikuwa na furaha zaidi, na msongo wa mawazo ulikuwa umepungua. Waliopata kiasi kikubwa, hata mate yao yalipopimwa yalionyesha kotisoli, homoni ya msongo, imeshuka. Mdomo unaweza kukudanganya, mzee, mate hayajui.

Upande wa pili wa habari hiyo hauna utamu, na mtu wa ploti atauelewa upesi kuliko profesa. Majirani ambao hawakupata kitu, kuridhika kwao na maisha kulipungua, ingawa hakuna aliyewanyang'anya hata sindano. Ukuta wa mabati unapitisha harufu. Jirani akikaanga nyama, sukuma yako inabadilika ladha.

Kisha ukaja utafiti mwingine vijijini humu Kenya, watu 5,756. Wengine walipewa pesa, wengine ushauri nasaha wa wiki tano, wengine vyote viwili. Mwaka mmoja baadaye waliopata pesa walikuwa na afadhali mfukoni na moyoni. Waliopata ushauri peke yake, hakukuonekana tofauti ya kupimika. Mimi niliyefundisha wauguzi wadogo ushauri nasaha miaka yote ile, niliposoma hivyo nilikaa kimya siku mbili, nikalisha kuku wangu bila kuwasemesha.

Sikutupa kiti changu cha ushauri lakini. Mbare, mtaa wa Harare kule Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na nyanya 14 na benchi nje ya zahanati. Kwa Kishona ugonjwa wanaousikiliza hapo unaitwa kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Ndiyo mawazo yetu haya haya. Nyanya anamsikiliza mtu, kisha anamsaidia kuchagua tatizo moja, moja tu, na hatua ya kulijaribu, halafu wiki ijayo arudi aseme ilikuwaje. Matokeo yalichapishwa 2016: baada ya miezi sita, waliokalishwa benchi walikuwa na dalili chache mno wakilinganishwa na waliopata huduma ya kawaida. Ninavyoona mimi, na hapa ni maoni ya mzee wa kike wala si utafiti, maongezi hufaa yanapomsindikiza mtu hadi mlangoni penye kufuli. Yakiishia kifuani, kufuli linamngoja nyumbani.

Serikali nayo imeambiwa. Mwaka 2020 jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza magonjwa ya akili yatangazwe janga la kitaifa, na iundwe tume ya afya ya akili na furaha. Hapo kwenye furaha nilicheka hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Mimi ningetosheka na tume ya mifereji.

Wewe huna tume, lakini keyateka anakusikiliza. Kaa naye kabla ya tarehe tano. Anayelipa nusu asifungiwe, kwa sababu mama aliyefungiwa nje na watoto, sufuria zikiwa ndani, hana pa kuitolea nusu iliyobaki. Mwenye ploti mwenyewe anapoteza. Ombeni taa ya uani, muone kama anayefagia usiku atatulia akiona geti. Vijana wa bodaboda wana chama chao stejini: mwulizeni mwenyekiti kama deni la mwenzao linaweza kununuliwa na chama, alipe huko polepole, simu ya mama mkwe inyamaze. Baada ya hapo ndipo umwambie kuhusu pombe. Ukianza na pombe atakuitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, na saa moja jioni utamkuta palepale. Na asiache ghafla siku moja kama amekunywa kila siku miaka. Mtu wa namna hiyo akikata mara moja anaweza kupatwa na degedege, aache akiwa chini ya daktari.

Nijulishe mwezi ujao huyo kijana wa redio alifikishwa wapi.

Mama, niko Nyalenda, Kisumu. Kaka yangu alijaribu kujiua mwezi uliopita, Mungu akamwokoa. Nyumbani wanasema tusimpeleke kliniki maana polisi watamshika. Wanasema pia tusilitaje jambo hilo mbele yake, tutamkumbusha.
– Dada mtu, Nyalenda

Binti yangu, mpeleke. Wanachokiogopa ni kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la kufungwa hadi miaka miwili. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu hicho kinapingana na Katiba. Unaona vile sheria yenyewe inaweza kuwagonjwesha watu: miaka yangu yote kazini familia zilikuwa zikiniambia "aliteleza", "alikosea dawa", na mimi nikijua, na mgonjwa akijua kwamba najua, na hakuna aliyepata msaada aliouhitaji kwa sababu ya uongo huo wa kumlinda.

Kumtaja hakumkumbushi, hajasahau. Muulize kwa sauti ya kawaida, mkiwa mnachambua omena: je, mawazo yale bado yanakujia? Kisha nyamaza umpe nafasi. Alivyokusudia kujidhuru navyo viondoke nyumbani leo, visifichwe darini. Hili la kuondoa si ushirikina wa wauguzi: Sri Lanka ilipopiga marufuku dawa kali za mashambani, vifo vya kujiua vilipungua kwa zaidi ya nusu. Watu walibaki na shida zao, ila saa ile mbaya ilipita bila kukuta chupa. Usiku ukizidiwa, 1199 ni namba ya Msalaba Mwekundu, haina malipo. Na wewe je, nani anakuuliza unalalaje?

Sista, mke wangu ana wiki sita tangu ajifungue. Analia, anasema huyu mtoto angezaliwa na mama mwingine. Mama yangu anasema wanawake wa siku hizi wanadeka, yeye alizaa saba na akalima.
– Baba mtoto, Webuye

Baba, mama yako alizaa saba na akalima, hilo sibishi. Muulize nani alikuwa akiteka maji, nani akikoroga uji, nani akimshika mtoto yeye akiwa shambani. Atakutajia wifi zake, dada zake, na nyanya yenu. Mke wako ana wewe, nawe unatoka saa kumi na mbili asubuhi.

Machozi ya siku za kwanza huwapata wengi na hukauka ndani ya wiki mbili. Yakifika wiki ya sita ni ugonjwa, na unatibika. Bahati nzuri wiki hii ndiyo ya chanjo, kwa hiyo mnakwenda kliniki hata hivyo. Nenda nao. Mwambie sista wa chanjo maneno uliyoniandikia, yalivyo, usiyapake sukari. Akikujibu ni uchovu tu, sema hapana, tunaomba kuonana na daktari. Na kama mke ametaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, msingoje chanjo, nendeni leo.

Usiku huu mtoto akishanyonya saa nne, mpokee wewe. Mbeue, mbadilishe nepi, mlaze upande wako. Mama atakapoamshwa kunyonyesha tena atakuwa amepata saa tatu za mfululizo, ambazo nadhani hajazionja tangu ajifungue. Mama yako akikukuta na nepi mkononi akacheka, mwache acheke.